Kuku wa umbo dogo kwa nyama na mayai: ching'wekwe, kuku wa Pemba au bantamu?

Mama Nasra, Kihonda, Morogoro

Ndugu wafugaji, nawasalimu nyote. Nina swali ambalo nimekaa nalo kwa muda mrefu, na ningependa kulieleza kwa ukamilifu ili mnaojua zaidi mnishauri bila kubahatisha.

Nyuma ya nyumba yangu, nikiondoa sehemu ya tangi la maji na kamba ya kuanikia nguo, ninabakiwa na uwanja wa mita 4 kwa 6. Tuko watu 6 nyumbani. Sitafuti biashara, ninachotaka ni mayai ya watoto na kuku wa kuchinja mara mbili kwa mwezi, basi. Miaka 2 iliyopita nilifuga kuku chotara wakubwa. Walikua haraka, lakini gunia la chakula lilikuwa likiisha kabla mwezi haujafika nusu, na banda likajaa unyevu na harufu hata jirani akalazimika kuniambia. Niliwauza wote.

Mwaka jana muuzaji mmoja aliniuzia kuku 4 aliosema ni bantamu wanaofaa kwa nyama na mayai, jogoo 1 na majike 3, wenye manyoya yaliyoshuka hadi vidoleni. Ni wazuri kuwatazama, na hawali sana. Hata hivyo, nilipoyaweka mayai yao kwenye mizani ya jikoni, moja moja, yalikuwa kati ya gramu 28 na 31, na kila jike alikuwa akitaga mayai 11 au 12 kisha anaatamia wiki baada ya wiki, hata kama kiotani hamna yai. Jogoo nilimchinja siku ya sikukuu. Baada ya kumnyonyoa na kumtoa matumbo alibaki gramu 430. Nilimkata vipande 6 ili kila mtu apate, na paja lake halikuzidi kidole gumba changu kwa unene.

Sasa mama mkwe wangu ananishauri nitafute ching'wekwe, na rafiki yangu ananiambia hakuna kama kuku wa Pemba. Je, ni yupi kati ya kuku hawa wadogo anayeweza kweli kutoa nyama na mayai kwa pamoja katika eneo dogo, na ninapokwenda kununua nitazame nini?

Mfugaji wa Mvomero

Mama Nasra, pole kwa yaliyokukuta. Mimi ninafuga ching'wekwe, na kabla yao niliwahi kuwa na hao hao wenye soksi za manyoya, kwa hiyo ninakuelewa.

Kuku wa mapambo amechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa manyoya yake na mkao wake, na hakuna aliyemchagua kwa unene wa kidari wala kwa wingi wa mayai. Ching'wekwe amepata udogo wake kwa njia nyingine. Ni kuku wa huku kwetu Morogoro na Dodoma, aliyezoea kujitafutia, na wazee wetu walimbakiza jike anayetaga sana na anayelea vizuri, asiyefanya hivyo akaingia chunguni. Ndiyo maana ana kichwa kidogo na mwili mdogo, lakini ukimshika utakuta ana nyama kidarini. Jogoo wake hufika wastani wa kilo 1.6 na mtetea kilo 1.2, na yai lake huwa na wastani wa gramu 37. Katika kuku wa kienyeji hawa wanasifiwa hasa kwa kutaga mayai mengi.

Nimekufanyia hesabu ya eneo lako, na nimeifanya kwa tahadhari. Banda la mita 2 kwa 2 ukiweka kuku 5 kwa kila mita ya mraba linatosha kuku 20, na eneo lililobaki litakuwa uwanja wao wa kuparura. Anza na majike 8 na jogoo 1. Jike wa kienyeji aliyeachwa ajiendeshe mwenyewe hutaga mizunguko 3 au 4 kwa mwaka, kila mzunguko mayai 12 hadi 15, kwa hiyo tuseme 50 kwa mwaka. Majike 8 ni mayai 400. Ukitenga mayai 72 ya kuatamiwa, yaani viota 6 vya mayai 12, unaweza kupata vifaranga wasiopungua 55. Ukiwachanja na kuwakinga na mwewe, 45 hivi watakua, na nusu yao ni majogoo. Hapo ndipo wanapotoka kuku wako 2 wa kila mwezi. Matemba, yaani majike wachanga, usiowahitaji wauze wakiwa na miezi 3, la sivyo eneo litakuzidi. Mayai ya kula yatabaki kama 330, yaani trei 11 kwa mwaka, na kwa nyumba ya watu 6 hayo ni machache. Nisingependa uanze ukitarajia zaidi kisha uvunjike moyo.

Idadi hiyo hupanda ukiwaatamisha kwa mpango. Jike akiachwa na vifaranga wake hukaa miezi 2 au 3 bila kutaga. Mimi huatamisha majike 2 au 3 kwa siku moja: yule anayetangulia kukaa ninampa mayai ya kushikilia kiota, na wenzake wakiwa tayari nawawekea wote mayai mapya usiku mmoja. Siku ya 21 vifaranga wote ninampa mama mmoja hodari, wale wengine ninawatoa, nao hurudi kutaga baada ya wiki chache. Jike anayeng'ang'ania kiota bila sababu, kama hao wako, hutiwa kwenye tundu la waya lililoinuliwa juu, lisilo na nyasi wala pembe ya giza, akapewa maji na chakula kwa siku 3 au 4. Tumbo likipigwa na upepo joto la kuatamia humtoka.

Unapokwenda kununua, usinunue kwa macho, nunua kwa mkono. Ninunuapo jike ninamshika kwa upole, nampitishia vidole nyuma, kwenye mifupa miwili ya nyonga iliyo kando ya tundu la kutagia. Kwa kuku wa umbo hili, vidole 2 vikiingia katikati ya mifupa hiyo na mifupa yenyewe ikiwa laini na inanyumbulika, jike yuko kwenye kutaga. Kikiingia kidole 1 tu kwa taabu, hatagi kwa wakati huo, hata muuzaji akila kiapo. Kisha ninapapasa mfupa wa kidari. Ukiwa umechongoka kama ukingo wa kisu, huyo ni mgonjwa au ana minyoo, au ni wa ukoo usio na nyama. Nataka mkono wangu ujae kila upande wa mfupa huo.

Bwana Ugani (mstaafu), Dodoma

Nimesoma kwa furaha maelezo ya ndugu yetu wa Mvomero, na kwa sehemu kubwa ninayaunga mkono. Nitaongeza mambo ambayo nimeyaona yakiwaumiza wafugaji kwa miaka mingi ya kazi.

La kwanza ni miguu mifupi. Watu wengi wakisikia kuku mdogo hutafuta yule mwenye miguu mifupi anayeonekana kama anatambaa, wakidhani ndiyo alama ya udogo. Kuna jeni, yaani chembe ya urithi, inayofupisha miguu ya kuku ambayo ikirithiwa kutoka kwa mzazi mmoja hufupisha miguu tu, lakini kiinitete kikiipata kutoka kwa baba na mama kwa pamoja hufa ndani ya yai siku za mwanzoni. Ukioanisha jogoo na jike ambao wote wana jeni hiyo, kwa wastani robo ya mayai yaliyorutubishwa hayataanguliwa, na katika vifaranga watakaopatikana wawili kati ya watatu watakuwa na miguu mifupi. Nimemkuta mama akilaumu kiota, akilaumu jike, akilaumu hata aliyemletea mayai, kumbe tatizo lilikuwa kwenye uchaguzi wa wazazi. Ukipenda jike wa miguu mifupi, basi jogoo wake awe wa miguu ya kawaida.

La pili ni shingo. Kama utakuta ching'wekwe au kuku mwingine mdogo aliye kishingo, yaani mwenye shingo isiyo na manyoya, usimkatae kwa sababu ya sura. Jeni ya kishingo hupunguza manyoya ya mwili mzima kwa kiasi cha robo hivi akiirithi upande mmoja, na karibu asilimia 40 akiirithi pande zote mbili. Manyoya kidogo maana yake ni joto kidogo mwilini kwa miezi kama Novemba na Desemba, na protini ambayo ingekwenda kwenye manyoya inabaki kwa ajili ya nyama na mayai. Kwa mji wenye joto kama Morogoro hiyo ni faida kubwa kwa kuku asiyekugharimu chochote zaidi.

La tatu ni ugonjwa wa mdondo (kideri), na hapa nawasihi wote. Kuku wa kienyeji anavumilia mengi, lakini mdondo hauangalii ukoo. Unaweza kuamka asubuhi ukakuta banda zima limelala. Chanjo ya tone la jicho isiyoharibika upesi kwa joto, ile ya I-2, ipo nchini na bei yake ni ndogo. Tone 1 kwenye jicho 1, kwa kila kuku mwenye afya, mkubwa na mdogo, na urudie kila baada ya miezi 3 bila kuruka. Hesabu nzuri ya vifaranga 45 aliyoitoa ndugu yetu inasimama juu ya tone hilo. Ndui nayo ichanjwe kwenye utando wa bawa.

Kuhusu chakula, jike wa kilo 1.2 anayetaga hula takriban gramu 70 hadi 80 kwa siku, ambapo kuku wa mayai wa kisasa hula gramu 110 hadi 120. Kwa majike 8 ni kilo 18 hivi kwa mwezi dhidi ya 28, na kiasi hicho hushuka zaidi ukiwapa mchwa, majani ya mchicha na mabaki safi ya jikoni. Hata hivyo ni lazima niwe mkweli kwako, Mama Nasra: ukipima chakula kwa kila yai moja, kuku wa mayai wa kisasa anawashinda hawa kwa mbali. Sababu ya kuchagua ching'wekwe ni kwamba unataka mayai, nyama na vifaranga kutoka banda moja, bila kurudi kwa muuza vifaranga kila mwaka.

Mswahili wa Leicester

Assalamu alaikum. Mimi ninaishi Uingereza, na kwa kuwa jina la bantamu limetajwa, ningependa kulitetea kidogo, kwa sababu bantamu wote hawafanani na wale aliouziwa dada yetu.

Jina lenyewe limetoka Bantam, bandari ya magharibi mwa kisiwa cha Java ambayo leo huitwa Banten, mahali ambapo mabaharia wa Ulaya walikuwa wakichukua kuku wadogo kwa safari. Huku watu hutofautisha bantamu wa asili, ambao hawana ndugu mkubwa, na bantamu waliotokana na kuku wakubwa kwa kupunguzwa umbo. Wa asili, kama Sebright au bantamu wa Kiholanzi, ni wa maonyesho. Huyo wa Kiholanzi ana nusu kilo tu hivi, na hakuna anayemfuga kwa ajili ya sufuria. Waliopunguzwa, kama Wyandotte, Sussex na Plymouth Rock wadogo, wamebaki na kifua kipana cha ukoo wao. Mimi nina majike 5 wa Wyandotte wadogo katika bustani iliyo nyembamba kuliko uwanja wako, na mmoja wao nilimpima wiki iliyopita akawa na kilo 1.3. Mayai yao ni ya gramu 40 hivi. Kiini chake ni kikubwa kulinganisha na ute, kwa hiyo mke wangu akipika mkate wa mayai huweka 3 mahali pa 2 makubwa, na rangi yake hupendeza.

Shida yetu huku ni nyingine. Mchana wa Desemba hudumu kwa saa 8 hivi tu, na majike huacha kutaga mpaka mwanga urudi, wakati kuku wa Morogoro ana mchana wa saa 12 hivi mwaka mzima. Sheria ya huku pia hairuhusu kuwapa kuku mabaki ya jikoni, na tangu Oktoba 2024 hata mwenye kuku 1 England ni lazima ajiandikishe. Ninayataja haya ili mjue kwamba mabaki ya ugali na mchicha mnayowapa kuku wenu ni akiba ambayo wengine hatunayo.

Ushauri wangu ni kwamba hao majike wako 3 usiwatupe. Kama kazi wanayoijua ni kuatamia, wape hiyo kazi. Jike mdogo kama huyo anafunika vizuri mayai 6 ya ching'wekwe, naye atakuwa mama wa kambo wakati ching'wekwe wako wanaendelea kutaga.

Bi Time, Wete

Mama Nasra, rafiki yako hakukosea. Kuku wetu wa Pemba ni mdogo kuliko huyo wanayemsifu: jogoo wastani wa kilo 1.5, mtetea kilo 1 tu. Lakini yai lake ni gramu 42. Tazameni wenyewe, mwili mdogo na yai kubwa zaidi. Mimi nimezaliwa nimewakuta uwanjani kwa bibi yangu, wanalala juu ya mti wa mkungu na asubuhi wanajiokotea, na mchuzi wa nazi wa pora wa Pemba aliyekaribia kuwika hauna mfano. Kama mayai ndiyo haja yako ya kwanza, mchukue huyu.

Mama Nasra, Kihonda, Morogoro

Nawashukuru sana, na Mwenyezi Mungu awalipe kwa muda wenu. Jana jioni nilimshika jike mmoja wa bantamu wangu na kumpima kwa vidole kama nilivyoelekezwa. Ni kweli, kidole kimoja kiliingia kwa taabu. Nimemweka kwenye tundu la waya.

Bi Time, maneno yako kuhusu uzito wa yai yamenigusa, ila ninaogopa safari. Nimebaki na maswali mawili. Je, inafaa kuwaleta kuku kutoka Pemba mpaka Morogoro? Na je, nikichukua majike wa ching'wekwe kisha nikaweka jogoo wa kuchi, si nitapata mayai kutoka kwa majike wadogo na nyama kutoka kwa vifaranga wakubwa?

Bwana Ugani (mstaafu), Dodoma

Kwa swali la kwanza, Bi Time amesema kweli kuhusu uwiano wa yai na mwili, nami sitambishia. Lakini kuku wazima wanaovuka bahari na kusafiri kwa basi wanahitaji kibali cha kusafirisha mifugo. Kisha wanafika wamechoka, na uchovu ndio unaofungua mlango wa maradhi. Ukipata mtu aliye nao tayari hapo Morogoro au Dar es Salaam, nunua kwake, uwatenge na kuku wako wengine kwa wiki 3 kabla ya kuwachanganya. Vinginevyo chukua ching'wekwe waliozaliwa katika hali ya hewa yako.

Kwa la pili, wazo lako ni zuri na wafugaji wengi hulitumia, lakini kuchi sikushauri. Jogoo wake ana kilo 2.5 kwa wastani, na wengine huzidi, akimpanda jike wa kilo 1.2 humchana mgongo kwa kucha na vipi, ile miiba ya miguuni. Nimeona majike waliochanika ubavuni mpaka funza wakaingia. Tena kuchi ni mgomvi kwa asili, na katika mita 24 za mraba hakuna pa kumkimbilia. Chukua jogoo wa umbo la kati, wa kilo 1.9 hivi. Vifaranga watakuwa wakubwa kidogo kuliko mama zao, na majike hawataumia. Kumbuka pia kwamba yai la gramu 37 hutoa kifaranga wa gramu 25 hivi hata baba yake awe mkubwa kiasi gani, kwa hiyo wiki za mwanzo wape chakula cha vifaranga na joto la kutosha, kwa kuwa ukubwa wa baba huonekana baadaye.

Mfugaji wa Mvomero

Naafiki kuhusu jogoo, kwa nyongeza moja. Matemba watakaozaliwa na jogoo huyo wa umbo la kati usiwarudishe kwake kama wazazi, kwa sababu hao ni binti zake, na baada ya vizazi viwili utaona mayai viza yanaongezeka na vifaranga dhaifu. Wachinje au uwauze, na majike wa kuendeleza ukoo uwapate kwa kubadilishana mayai na mfugaji mwingine mwenye ching'wekwe halisi. Jogoo mwenyewe mbadilishe kila mwaka.

Vipi vyake vikichongoka, visuguliwe ncha kwa msasa usiku akiwa amelala kwenye kichanja. Atatulia, wala hatatoka damu ukiishia kwenye ncha tu. Kama bado hujapata majike, mimi nina matemba 5 wa miezi 5 watakaoanza kutaga karibuni, na mayai ya kuatamiwa nitakuwa nayo mvua zikikatika. Njoo na mizani yako, uwashike mwenyewe kabla ya kukubaliana bei.

Mama Nasra, Kihonda, Morogoro

Nitakuja Jumamosi asubuhi pamoja na mama mkwe wangu, in shaa Allah. Banda ninaanza kulifunga waya kesho.